Siku Nane Nyuma ya Njiwa wa Reuter

Siku ya kwanza: Kassel

Nimeshuka kituo cha Wilhelmshöhe saa nane mchana nikiwa na begi moja, madaftari mawili na orodha ya anwani ambazo nyingi najua hazipo tena. Mvua imekatika muda si mrefu, barabara bado zinang'aa maji.

Nimestaafu baada ya miaka 31 katika shirika la habari: kwanza mtafsiri, kisha mwandishi, na miaka mingi zaidi mhariri wa zamu. Wenzangu walipopata kiinua mgongo walimalizia nyumba. Mimi nilitenga sehemu yake kwa ajili ya safari hii, kupita njia aliyopita Paul Julius Reuter, mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters, tangu mji aliozaliwa hadi kaburi lake. Nauli, viza mbili, na vyumba vya bei nafuu karibu na vituo vya treni.

Mtu wa shirika la habari haandikwi jina. Stori yako inachapwa gazetini, mwishoni kuna jina la shirika kwenye mabano, basi. Maneno yangu yamesomwa redioni na watangazaji ambao sauti zao zinajulikana nchi nzima, na sikutajwa hata mara moja. Sikuumia kwa hilo, ndivyo kazi ilivyo. Lakini Reuter ni mtu mmoja ambaye jina lake na kazi vimekuwa kitu kimoja, na nilitaka kumjua kama binadamu kabla sijazeeka mno kupanda ngazi za stesheni.

Alizaliwa hapa tarehe 21 Julai 1816, na hakuitwa Reuter. Aliitwa Israel Beer Josaphat, mtoto wa rabi. Jina tulijualo alilichukua London Novemba 1845, alipobatizwa katika kanisa la Walutheri wa Kijerumani akiwa na miaka 29. Wiki moja baadaye akamwoa Ida Magnus, binti wa Berlin. Ida nitamrudia, maana kila anapotajwa Reuter yeye huachwa nyuma ya pazia.

Mji wa kale wa Kassel uliteketea kwa mabomu Oktoba 1943. Nilitembea hadi ukingo wa Mto Fulda, nikazunguka Altmarkt, nikaangalia majengo yaliyojengwa baada ya vita. Jioni niliandika daftarini neno moja: hakuna. Mhariri wangu wa kwanza alinifundisha kwamba ukitumwa mahali ukakuta hakuna kitu, taarifa yako ni kwamba hakuna kitu. Usiijaze kwa ukungu na hisia.

Siku ya pili: Göttingen

Dakika 20 hivi kwa treni ya kasi. Nilikuja kuona sanamu ya watu wawili: Carl Friedrich Gauss ameketi, Wilhelm Weber amesimama kando yake. Mwaka 1833 wanasayansi hawa walitandaza waya juu ya mapaa ya mji huu, zaidi ya kilomita moja, kutoka jumba la kuangalia nyota hadi chumba cha fizikia, wakawa wanapelekeana maneno kwa umeme. Kijana Josaphat alikuwa karani katika benki ya jamaa yake papa hapa, akamfahamu Gauss.

Nilikaa kwenye benchi mbele ya sanamu nikawaza juu ya karani wa benki. Benki inaishi kwa kujua. Bei ya hati fulani imeshuka Paris asubuhi. Anayelijua hilo adhuhuri anauza, anayelijua kesho yake analia. Wengi wanadhani shirika la habari lilizaliwa kwa mapenzi ya demokrasia. Lilizaliwa kwenye vitabu vya hesabu, na mteja wake wa mwanzo alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kujua bei kabla ya jirani yake. Baadaye ndipo yakaja magazeti. Nasema hivi bila kuidharau kazi yangu. Mfanyabiashara hasamehe kosa, na ukali ule wa kwanza ndio uliotulea sote.

Sanamu ilizinduliwa mwaka 1899, mwaka ule ule aliofariki Reuter.

Siku ya tatu: ndani ya treni

Göttingen hadi Frankfurt, Frankfurt hadi Paris. Berlin nimeiruka ingawa aliishi huko. Mwaka 1847 alikuwa mbia katika duka la vitabu lililochapisha pia, mwaka 1848 mapinduzi yakavuma Ulaya, vijitabu vya siasa vikatoka dukani kwao, naye akaona heri ahamie Paris.

Nimeshinda dirishani nikikumbuka mwaka 1991 nilipoanza kazi. Chumba cha teleprinta, mashine za kuchapa habari zilizoletwa kwa waya, kilikuwa mwisho wa ukumbi, hakina dirisha, kina feni moja. Karatasi ilitoka kwenye roli bila kukoma, wino wa utepe ukififia hadi herufi zinakuwa kama kivuli, na joto la mashine lilikuwa na harufu yake, mafuta na vumbi lililoungua. Kukiwa na habari ya kawaida, ilikuwa ni kelele za vyuma tu. Ikija nzito, mashine ilipiga kengele, na kadiri kengele zilivyozidi ndivyo habari ilivyokuwa kubwa. Tuliokuwa kwenye dawati tulizihesabu bila kuinua vichwa. Zikipita tatu, mtu tayari yuko mbioni. Unachana karatasi kwa ukingo wa rula ya chuma, unarudi mezani, unaanza kutafsiri aya ya kwanza kabla ya ya pili kufika.

Kutafsiri ndiko nilikoanzia, naye Reuter ndiko alikoanzia kazi ya habari. Watu huchukulia mtafsiri kama bomba la maji. Mimi nasema shule bora ya uhariri ni kutafsiri kwa haraka, maana huwezi kutafsiri usichokielewa. Sentensi ya Kiingereza inaweza kuficha nani alifanya nini; mtafsiri makini lazima amtafute mtendaji. "Risasi zilifyatuliwa." Na nani? Mara ngapi nilinyanyua simu kumuuliza mtu wa ng'ambo swali hilo moja, akanyamaza, kisha akasema, ngoja niangalie.

Siku ya nne: Paris

Nilianza asubuhi mtaa wa Jean-Jacques Rousseau, ambako Charles-Louis Havas alikuwa na ofisi yake. Alianza kwa kutafsiri magazeti ya nje, na mwaka 1835 akawa na shirika la habari, la kwanza duniani. Alitumia njiwa pia, muda mrefu kabla ya Reuter. Reuter aliajiriwa hapo kama mtafsiri. Mjerumani mwingine aliyepita mikononi mwa Havas ni Bernhard Wolff, ambaye mwaka 1849 alianzisha shirika lake Berlin.

Mwaka huo huo wa 1849 Reuter aliacha kazi akaanza jarida lake mwenyewe la habari hapa Paris, yeye na Ida, chumbani. Halikudumu hata mwaka. Walifilisika wakaondoka. Ndiyo sababu nilisema Ida nitamrudia: mke huyu alikuwa mfanyakazi kamili wa biashara ile tangu mwanzo, na pale ilipoanguka alianguka nayo, kisha akafunga mizigo akaenda kuanza upya.

Mchana nilitembea hadi Place de la Bourse, lilipo shirika la habari la Ufaransa, AFP, lililozaliwa Agosti 1944 Paris ilipokombolewa na kurithi nyumba ya Havas. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma yangu jumba la zamani la soko la hisa. Hata kwa kutazama tu unaelewa: jumba la shirika la habari na jumba la soko la hisa bado yanatazamana.

Hapa ndipo palipo na jambo linalotuhusu sisi. Havas, Wolff na Reuter, watu waliopitia meza moja, mashirika yao yaligawana dunia kwa mkataba mwaka 1870. Kila mmoja na eneo lake la kukusanya na kuuza habari, na mwenzake haingii. Himaya ya Waingereza ikawa ya Reuter. Waya wa chini ya bahari ulipofika Zanzibar mwaka 1879, ulifika kama sehemu ya njia za London, na kwa muda mrefu uliofuata habari ya pwani yetu ilikwenda kwanza London ndipo iturudie imeshaamuliwa uzito wake. Mfumo ule wa kugawana ulivunjika mwaka 1934, lakini mazoea hayavunjiki siku moja na mkataba. Ndiyo maana nchi zetu zilipopata uhuru zilikimbilia kuwa na mashirika yao: Kenya na KNA mwaka 1963, Tanzania na Shihata mwaka 1976, na mwaka 1979 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaanzisha PANA, makao yake Dakar. Mengine yalidhoofika, mengine yalifungwa. Wapo wanaoyacheka. Mimi siyacheki hata kidogo. Waliofanya kazi humo walikuwa wanajaribu kitu cha haki kabisa, kwamba mtu wa Mwanza asijue habari za Kigoma kwa kupitia Ulaya.

Siku ya tano: Brussels

Binti wa kaka yangu anasoma hapa. Alinipokea stesheni ya Midi.

"Shikamoo shangazi! Mbona umekonda hivyo?"

"Marahaba mwanangu. Sijakonda, ni koti hili."

Nilikuwa nimemwomba jambo moja kwa simu kabla ya kuja: anitafutie mfuga njiwa. Ubelgiji ni nchi ya njiwa wa mashindano, na haikumpa taabu. Mzee mmoja jirani ya mwenzake wa darasani ana banda nyuma ya nyumba, nje kidogo ya mji. Tulikwenda jioni.

Banda ni la mbao, safi kuliko nilivyotarajia, lina harufu ya nafaka na vumbi la manyoya. Mzee aliingiza mkono gizani akamtoa mmoja kama mtu anayetoa mkate. Akaniwekea kiganjani, akanionyesha namna ya kumshika: miguu ipite kati ya vidole viwili, dole gumba juu ya mabawa. Nilitegemea kitu chepesi tu, na kweli ni mwepesi, hafiki hata nusu kilo, lakini mzima mzima alikuwa moto. Moyo wake ulikuwa unapiga haraka sana kwenye vidole vyangu, kiasi kwamba sikuweza kuhesabu. Shingoni rangi ilibadilika kila alipogeuza kichwa, kijani ikawa zambarau. Jicho la rangi ya chungwa lilinitazama bila woga. Mguuni alikuwa na pete yenye namba.

Mzee akaeleza, binti yangu akinitafsiria. Njiwa hajui kwenda, anajua kurudi tu. Huwezi kumtuma Aachen. Inabidi afugwe Aachen, umbebe hadi Brussels, umwachie, naye atarudi kwao. Siku yenye hali nzuri ya hewa anakwenda kilomita 70 au 80 kwa saa. Akipatwa na kipanga, hafiki.

"Na ukimpa ujumbe wa uongo?" nikauliza, nusu nikijiuliza mwenyewe.

Mzee akatafsiriwa, akainua mabega. Anaubeba hivyo hivyo.

Siku ya sita: Aachen

Treni ya kutoka Brussels inapita Liège, na safari nzima ni kama saa moja na ushei. Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri. Mwaka 1850 waya wa simu ya maandishi ulitoka Berlin ukaishia Aachen. Upande wa pili, ulikuwepo mwingine kutoka Paris hadi Brussels. Katikati palibaki kilomita 120 hivi zisizo na waya. Treni ya wakati ule ilichukua zaidi ya saa sita. Reuter, aliyetoka kufilisika Paris, akaliona pengo hilo.

Alikubaliana na mfuga njiwa wa Aachen, Heinrich Geller, na tarehe 28 Aprili 1850 wakaanza kazi. Zaidi ya njiwa 40. Walipelekwa Brussels kwa treni, kule bei za soko la Paris zikanakiliwa kwenye karatasi nyepesi sana, zikafungwa kwa njiwa, nao wakaachiwa. Saa mbili baadaye wako Aachen. Karatasi inafunguliwa, maneno yanarushwa kwa waya hadi Berlin. Mwaka uliofuata waya uliziba pengo na kazi ya njiwa ikaisha. Biashara iliyobeba jina lake miaka yote hii ilisimama juu ya pengo lililodumu chini ya miaka miwili.

Nilitembea Pontstraße, mtaa aliokuwa na ofisi, hadi lango la kale la Ponttor mwisho wake. Ni mtaa wa wanafunzi siku hizi, baiskeli kila mahali. Binti wa kaka yangu, tuliyekuja naye, alinunua kahawa tukakaa kwenye ngazi.

Mambo mawili ya hapa hayajanitoka. La kwanza, waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba wateja waliofika ofisini kusubiri bei walifungiwa ndani mpaka wote wapate kwa wakati mmoja, asiwepo wa kuchomoka kabla ya mwenzake. Hilo nilipolisoma mara ya kwanza lilinigusa sana. Mtu ambaye angeweza kuuza upendeleo aliuza usawa.

La pili ni kwamba ujumbe mmoja ulipewa njiwa watatu, ili akipotea mmoja au wawili, watatu afike.

Hapo nikamweleza binti wa kaka yangu jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu wa familia. Mwaka 1998, Jumapili mchana, niko zamu peke yangu. Ikaingia simu: mzee fulani, kiongozi mstaafu, amefariki. Aliyepiga ni mtu niliyemwamini. Nikasita, maana kanuni ilikuwa chanzo kimoja hakitoshi. Baada ya dakika nne akapiga mwingine, kasema hivyo hivyo. Halafu wa tatu. Watu watatu, wote watu wazima, wote wa kuaminika. Nikaandika aya mbili nikazirusha. Saa saba redio ikasoma.

Saa saba na dakika 12 ikalia simu. Sauti ya mwanamke, tulivu kabisa. "Dada, baba yuko hapa sebuleni. Amesikiliza taarifa yenu pamoja na mimi."

Wote watatu walikuwa wamesikia kwa mtu mmoja, kwenye arusi moja, usiku uliotangulia. Nilirusha masahihisho ndani ya dakika chache, lakini masahihisho hayakimbii kama kosa. Kesho yake nikaenda nyumbani kwa mzee kuomba radhi. Hakufoka. Alinikaribisha nikae, akaagiza nipewe maji. Kisha akasema: "Mke wangu yuko kijijini, ana presha. Majirani walianza kuingia na mikeka kabla hajajua wanamlilia nani. Nani alimpigia yeye simu kabla yenu?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Lakini tangu siku ile, kijana yeyote aliyekuja mezani kwangu na kuniambia "wamethibitisha watatu", nilimuuliza: hao watatu, kila mmoja alijuaje? Njiwa watatu wa banda moja wakikuletea karatasi tatu zinazofanana, una ujumbe mmoja. Reuter alilijua hilo vizuri. Watatu wake walikuwa kinga ya kipanga. Ukweli wa ujumbe ulitegemea yule aliyekaa Brussels na kunakili bei, mmoja mmoja, kwa mkono. Huyo ndiye ninayemtafuta katika safari hii, na jina lake halimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Binti yangu alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Yule mama wa kijijini ilikuwaje?"

Alipona. Niliuliza hali yake kila mwezi kwa mwaka mzima.

Siku ya saba: London

Chini ya bahari kwa treni. Nje ni giza, masikio yanaziba kidogo, na dakika 20 baadaye uko Uingereza. Mwaka 1850 walilaza waya wa kwanza chini ya mlango huu wa bahari ukakatika karibu mara moja. Inasemekana mvuvi Mfaransa aliunasa. Wa mwaka 1851 ukashika, ukafunguliwa kwa umma mwezi Novemba. Reuter hakusubiri. Tarehe 14 Oktoba 1851 alishafungua ofisi ya vyumba viwili karibu na soko la hisa la London, kwenye Royal Exchange Buildings, na mfanyakazi wake alikuwa mtoto wa miaka 12 hivi.

Nyuma ya Royal Exchange ipo sanamu yake, kichwa kinachotokea kwenye nguzo ya mawe, iliyowekwa mwaka 1976. Watu wa mabenki wanapita na vikombe vyao bila kuitazama. Nilisimama nusu saa.

Miaka saba magazeti ya London yalimkatalia. Yalikuwa na waandishi wao na fahari yao. Mwaka 1858 alimwendea James Grant, mhariri wa Morning Advertiser, akampa habari kwa wiki mbili bure ili apime mwenyewe. Wengine wakafuata. Kisha Februari 1859 Napoleon wa Tatu alipokuwa anahutubia bunge, hotuba iliyoashiria vita na Austria, Reuter alipata nakala mapema ndani ya bahasha iliyofungwa kwa sharti isifunguliwe hadi mfalme aanze kusema. Ilipofunguliwa, maneno yakakimbia kwenye waya, na London ikasoma siku ile ile.

Waandishi tunaijua bahasha hiyo hadi leo. Hotuba ya bajeti kila Juni nilikuwa nayo mezani kabla ya waziri kusimama, nimeshaandika aya sita, kidole kiko juu ya kitufe. Jamaa wananipigia simu: sukari inapanda? Petroli? Hata mume wangu hakuwahi kupata jibu. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, hupewi bahasha tena, na ni sawa.

Habari iliyomkuza zaidi ilikuwa ya msiba. Abraham Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865. Waya wa kuvuka Atlantiki ulikuwa haujashika, habari zilikuja kwa meli, na Reuter alikuwa amejenga njia yake ya waya hadi Crookhaven, ncha ya kusini magharibi mwa Ireland, ambako meli zilitupa baharini mikebe yenye barua na boti zikaiokota. London ilijua tarehe 26 Aprili, na shirika lake lilitangulia. Siku 12. Rais amezikwa kwenye mioyo ya watu wake, na Ulaya bado inamtaja kama mtu aliye hai.

Siku ya nane: Fleet Street na West Norwood

Nambari 85, Fleet Street. Jengo la mawe meupe lililochorwa na Edwin Lutyens, juu ya mlango sanamu ya shaba inapuliza tarumbeta. Reuters walihama mwaka 2005, kati ya mashirika ya mwisho kuondoka mtaa huu uliokuwa makao ya magazeti ya Uingereza. Sasa wamo wapangaji wengine.

Nyuma yake kuna kanisa la St Bride's, lililojengwa na Christopher Wren, likaungua kwa mabomu Desemba 1940, likajengwa tena. Ndani, kushoto mbele, ipo madhabahu ya waandishi wa habari, ina mishumaa, picha na majina ya waliofia kazini.

Tarehe 12 Julai 1993 nilikuwa kwenye dawati. Kengele zilipita tatu, nikakimbia mimi. Mogadishu: helikopta zimeshambulia nyumba, waandishi wamekwenda kuripoti, umati wenye hasira umewageukia. Majina yalikuja moja moja, kwa muda mrefu. Dan Eldon, miaka 22. Hansi Krauss wa AP, shirika la habari la Marekani. Halafu Hos Maina. Halafu Anthony Macharia. Nilitafsiri aya ya kwanza, mkono ukakataa ya pili. Hawa wawili wa mwisho walikuwa Wakenya, watu wa picha na sauti, jirani zetu. Wengine chumbani walikuwa wamekula nao. Mhariri wangu alichukua karatasi mikononi mwangu, akaimalizia mwenyewe akiwa amesimama. Kisha akasema tu, angalieni kama majina yameandikwa sawa. Tukayaangalia, herufi kwa herufi.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 1996, tukaandika ya Mohamed Amin, aliyeanzia kazi ya picha Dar es Salaam na ambaye kamera yake iliionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Ndege aliyopanda ilitekwa ikaanguka baharini, Komoro.

Nilisimama mbele ya mishumaa, nikawaombea kwa namna yangu. Mlinzi wa kanisa alikuwa anafuta vumbi kwenye viti, akaniacha nimalize.

Mchana nikapanda treni hadi West Norwood, kusini mwa London. Reuter alifariki Nice tarehe 25 Februari 1899 akiwa na cheo cha baroni, akaletwa kuzikwa hapa. Makaburi yako kwenye kilima, mengi yameinama, nyasi ndefu kati yake. Nilipolipata lake, sikuwa na la kusema. Nililiangalia jina, lile alilojichagulia, na nikasoma kama yameandikwa sawa.

Nilikuwa bado hapo simu ilipolia. Binti wa kaka yangu, kutoka Brussels.

"Shangazi, umeona kwenye kundi la familia? Wanasema babu wa Muheza ametutoka. Wameshatuma watu saba, na picha."

Moyo ukashtuka. Nikakaa kwenye ukingo wa jiwe.

"Saba wamelijuaje?"

Kimya. "Wameforwadi."

"Usiandike kitu. Mpigie mwanawe anayeishi naye. Siyo ujumbe, mpigie."

Nilisubiri dakika 11, nikiwaangalia kunguru. Kisha ikaingia kwenye kundi, chini ya mabango yote ya pole, kwa mkono wake: "Nimeongea kwa simu na mwanawe mkubwa sasa hivi, saa kumi na dakika tano kwa saa za huku. Babu amelazwa tangu jana usiku, anapumua vizuri, amekunywa uji. Mwanawe yuko naye wodini. Nitawapa taarifa nyingine nikishaongea naye jioni."